Kashindye na Pumzi ya Kuimba Kutwa

Binti yangu Kashindye ni mwimbaji wa ngoma ya jembe. Sisi Wasukuma tunaiita bugobogobo. Inachezwa shambani wakati wa kulima, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na inachezwa tena uwanjani baada ya mavuno, watu wanapotaka kuonyeshana nani zaidi. Anayeongoza nyimbo tunamwita ningi. Kwa kawaida ningi ni mwanamume. Kashindye alipewa kazi hiyo bila kuiomba, kwa sababu ningi wa zamani alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na alipoondoka ikaonekana kwamba aliyezishika nyimbo zake zote ni huyu msichana aliyekuwa akilima mstari wa nyuma.

Mimi sikufurahi. Kashindye alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na nimonia. Tulilazwa naye hospitali muda mrefu hata wauguzi wakawa wananituma maji kama mwenzao. Akapona. Lakini toka hapo mimi nilibaki kuangalia kifua chake. Nikiwa natwanga nilisimamisha mchi nisikie anavyopumua ndani. Alipoanza shule nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba asimkimbize mchakamchaka. Mwalimu akakubali. Baada ya wiki nikapita njia ya shule asubuhi nikamkuta Kashindye yuko mbele ya wote, anaimbisha.

"Kashindye! Nani kakuruhusu?"

"Mama, mimi sikimbii, naimbisha tu," akanijibu, huku anakimbia.

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akashika jembe kama sisi wote hapa Buswelu, pembeni mwa mji wa Mwanza. Miaka ile Buswelu ilikuwa bado mashamba na mawe, ila watu wa mjini walishaanza kununua maeneo. Waliyanunua, wakayazungushia katani, halafu hawakuwa na wa kuyalima. Ndipo vikundi vya kulima vikapata kazi. Zamani kikundi kililima shamba la mwenzao kwa chakula na pombe, sasa mfanyabiashara anakuja na gari lake, anaonyesha mpaka kwa kidole, anaondoka. Kikundi cha Kashindye kilikuwa na watu kama ishirini, na ngoma nne. Mpigaji mkubwa alikuwa Josephat, mdogo wa mume wangu.

Mume wangu Yakobo alikuwa fundi wa mashine kiwandani mpaka walipopunguzwa. Alirudi nyumbani na kofia yake ya kazi na wazo moja kichwani, kwamba nyakati zimegeuka na sasa kila mtu auze kitu. Dada yake Bernadeta alikuwa na meza ya mitumba mjini, soko la Mlango Mmoja, na Yakobo alitaka Kashindye aende kukaa naye.

"Atakaa kivulini," alisema. "Atavaa vizuri. Jembe litampa nini?"

Mimi niliona ni neno jema, kwa ajili ya kile kifua. Kashindye alisema ndiyo baba, kisha kesho yake alfajiri akaamka akaenda shambani. Ndivyo alivyo. Habishani na mtu.

Ningeweza kusema ni binti wa kawaida, na ndivyo alivyo kweli. Anapenda chai yenye tangawizi nyingi, anaogopa radi, hawezi kusuka nywele za mtu bila kumuumiza. Lakini akianza kuimba jembeni, unaona migongo ya watu inanyooka na kuinama kama ni ya mtu mmoja. Nilikuwa nikipeleka uji shambani nasimama pembeni kumwangalia. Wanaanza jua halijatoka, mpaka jua linafika utosini, na bado anaimba. Jasho linamtoka, kifua kinapanda na kushuka, lakini kinapanda na kushuka kwa utaratibu. Nilishangaa, ila sikumwambia mtu.

Kisha yakaja mashindano ya Usagara.

Ambaye si wa kwetu nimweleze kidogo. Huku kuna vyama viwili vya ngoma toka enzi za mababu, Bagalu na Bagika. Sisi ni Bagalu, tunacheza na majembe. Bagika wanacheza na nyoka. Siku ya mashindano pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja uleule, huyu huku na yule kule, toka mchana mpaka jua linapotua. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi jua likizama. Watu wako huru kukimbia huku na kule mara watakazo, na ndiyo raha yenyewe.

Kwa sababu hiyo kila upande unaamini wenzao wana dawa ya kuwachukua. Marehemu baba yake Josephat, yaani baba mkwe wangu, aliacha dawa yake. Ni mzizi mweusi mchungu. Siku ya mashindano kila mchezaji alipewa kipande akakibana katikati ya meno, midomo imefungwa, ili mahasimu wasimwibie pumzi. Shambani hawakuutumia, kwa maana shambani hakuna hasimu.

Pale Usagara wakaubana. Bagika wakatoa chatu mkubwa, watu wakapiga kelele wakakimbilia kwao. Josephat kuona vile akaharakisha ngoma. Watu wakarudi kwetu kidogo, wakaondoka tena, akaharakisha zaidi. Wachezaji wakarusha majembe juu, wakaruka, midomo imefungwa, pua zimetanuka kama za ng'ombe anayepanda mlima. Kiitikio hakuna, maana nani ataitikia na mzizi mdomoni? Kashindye alikuwa akiimba peke yake, mzizi ameusukuma kwenye shavu, anaruka na wao. Jua lilikuwa bado juu sana nilipoona midomo yake inabadilika rangi. Nikasimama. Kabla sijafika, akaanguka.

Tulimpepea, akafumbua macho. Jioni wachezaji wote walikuwa wamelala chini ya mti mapaja yanawauma, mahasimu wetu wanabebwa juu juu.

"Wametuzidi dawa," Josephat akasema. "Mwakani tutatafuta mzizi mkubwa zaidi."

Tulipofika nyumbani Yakobo alitangulia kuingia. Akaning'iniza kofia yake ukutani.

"Kashindye."

"Bee, baba."

"Imetosha. Utakwenda kwa shangazi yako."

Kwa mara ya kwanza nikamsikia akibisha. "Baba, naomba nikapimwe kwanza. Daktari akisema kifua ni kibovu, nakwenda kwa shangazi kesho yake. Akisema ni kizima, naomba nafasi moja."

Yakobo akaniangalia mimi. Nilikuwa na hakika kwamba daktari atasema nilichokuwa nikikisema miaka yote, kwa hiyo nikatikisa kichwa kukubali.

Wakati ule zahanati za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa, na mjini alikuwapo daktari mmoja wa Kihindi, Daktari Kusum, mama mwenye mvi aliyezaliwa papa hapa Mwanza. Zahanati yake ilikuwa ghorofani, unapanda ngazi ndefu ya saruji. Tulipoingia akatusalimu "Mwangaluka" kama Msukuma wa Kisesa, nikacheka bila kutaka.

Nikaanza kumweleza nimonia, na mchakamchaka, na Usagara, na midomo ilivyobadilika rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kipimo kifuani kwa Kashindye, mbele na nyuma, akasikiliza muda mrefu. Akampiga picha ya kifua, akaitazama dirishani.

"Mapafu ni mazima," akasema. "Moyo ni mzima, tena una nguvu."

"Mbona alianguka?"

"Ndiyo nataka kujua. Binti, njoo hapa kwenye ngazi. Panda na ushuke, huku unaimba huo wimbo wenu."

"Hapa, daktari? Watu wapo."

"Wacha wasikie. Leo hawalipi kiingilio."

Kashindye akaanza kwa aibu, anapanda anashuka, sauti ya chini. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakageuza shingo. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji akaanza kuitikia. Akaimba mizunguko mingi, sauti ikafunguka.

"Sasa kwa mbio!" akasema daktari.

Akakimbia. Mzunguko wa pili maneno yakaanza kukatika. Wa tatu ikabaki nusu ya neno, halafu hakuna neno, ni kuhema tu. Akashika ukuta.

"Mapaja?"

"Yanawaka, daktari."

"Kaa. Mama, na wewe kaa, umesimama toka umefika."

Akatueleza. Nimeyashika maneno yake kwa sababu nilikuwa nikiyasubiri kwa hofu, na kitu unachokisubiri kwa hofu huwezi kukisahau. Alisema hewa tunayovuta ina kitu kinachoitwa oksijeni. Mapafu yanaitia kwenye damu, moyo unaisukuma damu mpaka kwenye misuli ya miguu na mikono. Ndani ya msuli kuna vijumba vidogo mno, jicho halivioni. Humo ndimo ile sukari inayotokana na viazi na ugali, na mafuta ambayo mwili umejiwekea, vinapounguzwa polepole kwa oksijeni. Kinachopatikana ni nguvu, na joto, na maji, na ile hewa iliyotumika ambayo tunaitoa nje tukipumua.

"Kwa njia hiyo mtu anaweza kufanya kazi kutwa," alisema. "Nguvu inapatikana nyingi kwa chakula kidogo, alimradi hewa inafika kadiri msuli unavyohitaji. Lakini ukienda kasi kuliko moyo unavyoweza kupeleka, msuli haukubali kusimama. Unachukua sukari na kuivunja juu juu, bila oksijeni. Unapata nguvu ya haraka, lakini ni kidogo, sukari inakwisha upesi, na msuli unajaa uchachu. Ndiyo huko kuwaka. Na ukihema sana ni mwili unadai hewa iliyokosekana."

Nikamwambia kwamba jiko langu la mkaa hufanya vilevile, mlango wake ukizibwa na majivu. Mkaa unapotea na maharage hayaivi.

"Karibu hivyo, mama. Tofauti ni kwamba jiko haliwezi kuzoea. Huyu anaweza. Akifanya kazi ya muda mrefu kwa mwendo wa wastani, siku baada ya siku, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na vile vijumba vinaongezeka. Huyu binti yako jembe limemjenga. Kuna wanaokuja hapa wanapanda hiyo ngazi mara moja tu, wanakaa kwenye benchi nusu saa ndipo waweze kuniambia wanaumwa nini."

"Sasa nitajuaje hewa inafika?" akauliza Kashindye.

"Si umejionea mwenyewe? Ukiweza kuimba, inafika. Ukishindwa kumaliza mstari, punguza. Na uanze taratibu, maana mwanzoni moyo unakuwa bado haujashika mwendo. Haya, na siku hiyo ulikula nini?"

"Sikula. Nilikuwa na mzizi mdomoni."

Daktari Kusum alimtazama, akanitazama mimi. "Mzizi?"

Tukamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakuusema vibaya. Akasema tu, "Basi mwambieni baba mdogo kwamba mdomo nao ni mlango."

Tuliporudi, Yakobo akasikiliza taarifa yote akiwa anatengeneza pampu ya baiskeli. Akasema, "Uliomba nafasi moja. Itakuwa Bujora, siku ya Bulabo. Nitakuja kuangalia kwa macho yangu mwenyewe. Ukianguka, au nikikuona unayumba, kesho yake unakwenda Mlango Mmoja. Sitaki tena habari za ningi."

"Ndiyo, baba."

Bulabo ni sikukuu ya ngoma, inakuja na sherehe ya Ekaristi mwezi wa sita. Tulikuwa na msimu mzima mbele yetu, nami msimu mzima sikulala vizuri. Daktari kasema kizima, sawa. Lakini daktari hakumwona akianguka.

Kashindye hakufanya jambo lolote la ajabu. Alilima na wenzake kama siku zote. Ila alianza kuwasikiliza. Nilipopeleka uji niliona anapita nyuma ya mstari huku anaimba, ameinamisha sikio. Asiyeitikia anaguswa bega.

"Wewe mbona kimya?"

"Nimechoka, ningi."

"Basi usiinue jembe juu hivyo. Imba kwanza."

Shida ilikuwa mzizi. Josephat alikwishaupata mkubwa zaidi, kutoka kwa mganga mmoja ng'ambo ya ziwa, na alijivunia. Ni baba mdogo wa Kashindye, na dawa ni ya baba yake mzazi. Mtoto wa kike atamwambiaje auteme? Mimi nilimwambia Kashindye anyamaze tu, akaubane, aimbe kidogo kidogo. Nilifikiri hilo ndilo la busara.

Jumapili moja Josephat akaja kwetu. Nilimkaribisha matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Kashindye akapiga magoti akampa maji ya kunawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, ningi. Kifua?"

"Hakijambo. Baba mdogo, nina jambo la kuuliza kuhusu mzizi wa babu."

Nikashika sufuria kwa nguvu.

"Uliza."

"Wezi wa pumzi wanatoka nje au ndani?"

"Nje, bila shaka."

"Sasa mlinzi mbona tunamweka ndani ya nyumba? Angekaa nje, hapa shingoni, si angewaona wakija? Akiwa mdomoni, wenyewe wa nyumba tunashindwa kutoka."

Josephat akatafuna kiazi chake muda mrefu. Yakobo alikuwa mlangoni, nikaona mabega yake yanatikisika, anajizuia kucheka.

"Babu yako aliubana mdomoni," akasema Josephat mwishowe.

"Babu alipiga ngoma. Hakuimba. Na wewe unapiga ngoma, baba mdogo. Unaweza kuubana wa kwako."

"Kaka," Josephat akamgeukia Yakobo, "huyu mtoto umemlisha nini?"

"Muulize mama yake. Mimi nataka auze mitumba."

"Mitumba atauza? Huyu atakuuzia shati lako mwenyewe." Akanyoosha mkono kuchukua kiazi kingine. "Sawa. Tutautoboa, tutauvaa shingoni. Lakini tukishindwa, mzimu wa baba utakuja kwako, si kwangu."

"Aje, nitampa chai."

Siku ya Bulabo uwanja wa kanisa la Bujora ulijaa watu toka asubuhi. Walikuja kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu. Kampuni ya soda ilitundika kitambaa chake kikubwa chekundu, spika zinapiga miziki ya Kongo, kila mita kuna anayeuza kitu. Kashindye alikuwa amekula uji na viazi mapema na kunywa maji. Nilimpa na mayai mawili, akala moja, la pili akampa baba yake. Nilikwenda na jirani yangu Getruda, ambaye ameolewa kwa Bagika na siku kama ile hakufichi.

"Mama Kashindye, mimi nakaa na wewe kwa ujirani tu. Chatu akitoka, unisamehe."

"Nenda hata sasa."

Yakobo alisimama mbele kabisa, mikono nyuma.

Ngoma zikaanza. Kwetu zilianza pole, pole mno, hata mimi niliona aibu kidogo. Wachezaji wanaingia wameinama, majembe chini, wanalima hewa. Kashindye katikati, kitenge amekifunga kiunoni, mzizi unaning'inia shingoni kwa kamba. Nyimbo ni za Kisukuma, hapa naziandika kwa Kiswahili. Aliimba, "Tumekuja kulima, nani ana shamba?" nao wakaitika, "Sisi hapa." Ishirini kwa sauti moja, midomo wazi. Watu wakaanza kuja.

Bagika wakatoa chatu. Kelele ilipanda kama bati limeezuliwa na upepo. Getruda akakunja khanga yake.

"Nisamehe!" Akapotea.

Na wengine wote wakapotea. Mbele yetu palibaki watoto na wazee wasioweza kukimbia, na Yakobo. Nikamwona Josephat anatupa macho upande wa pili. Nilimwangalia mikono. Ikaanza kwenda mbio. Wachezaji wakamfuata, majembe yakaruka juu, yakadakwa, vumbi likanyanyuka. Kiitikio kikaanza kukatika. "Sisi ha—" na wengine hawakutoa sauti kabisa. Kifua cha Kashindye nikakiona kinapanda kwa haraka, kama nilivyoona Usagara, nikaanza kusukuma watu nipite.

Yakobo akanishika mkono. "Ngoja."

"Yakobo, ataanguka!"

"Ngoja, nimesema. Sikiliza."

Kashindye alikuwa ameacha wimbo. Alisimama mbele ya ngoma kubwa, akamgeukia Josephat, akaanza wimbo mwingine ambao sikuwahi kuusikia. Mstari wake ulikuwa mfupi. Kiitikio ndicho kilikuwa kirefu: "Tulime taratibu, jua bado liko juu, mwenye kuchoka mapema shamba lake nani atamlimia." Maneno yote hayo kwa pumzi moja. Hakuna mtu anayeweza kuyasema akiwa anahema. Mara ya kwanza walioitika walikuwa wanne. Kashindye akarudia. Wakaitika saba, kwa shida, wakachelewa, na miguu yao ikachelewa pamoja na midomo, na ngoma ikabaki mbele peke yake kama mtu aliyetangulia njiani akagundua wenzake hawapo. Josephat akakunja uso. Akapunguza. Kashindye akarudia tena, anamtazama usoni, anatabasamu. Akapunguza zaidi. Sasa wakaitika wote, mpaka nukta ya mwisho.

Nikaangalia kifua. Kinapanda na kushuka kwa utaratibu.

Wakaendelea hivyo. Sijui muda gani, ila kivuli cha kanisa kilisogea kikatufikia. Upande wa pili walikuwa wakirukaruka bado, lakini ngoma yao sasa ilikuwa inapiga, inanyamaza, inapiga. Wachezaji wao walikuwa wakipokezana kwenda kukaa. Na chatu naye, watu wakishamwona ameviringishwa shingoni, na kiunoni, na mkononi, wamemaliza kumwona.

Kashindye akaanza kuwatania. "Chatu wenu kameza nini, mbona kalala?" Wetu wakaitika, "Kameza pumzi za wachezaji wake!" Watu waliosikia wakacheka, wakageuka. Wakaja wachache, kisha wengi. Kadiri walivyokuja ndivyo Kashindye alivyoruhusu ngoma iongezeke kidogo kidogo. Aliipandisha mpaka pale kiitikio kinapoanza kupungua, kisha anairudisha. Niliiona hiyo, sijui kama mwingine aliiona. Majembe yakaanza kurushwa juu, sasa kwa furaha.

Getruda akatokea ubavuni kwangu, jasho linamtiririka.

"Umerudi?"

"Chatu amewekwa kwenye kapu. Sogea, sioni."

"Kapu lake si bado lipo kule? Kaliangalie."

"Mama Kashindye, acha hizo. Sogea!"

Jua likagusa mawe ya kilima. Wazee waamuzi wakasimama, wakatazama kule, wakatazama huku. Hapakuwa na haja ya kutazama mara mbili. Watu walikuwa wametuzunguka hata sikuweza kuona miguu ya wachezaji, niliona majembe tu, yanapanda, yanawaka juani, yanashuka. Na sauti ya Kashindye ilikuwa juu ya yote, imekwaruza kidogo kama ya mtu aliyeimba kutwa, lakini mstari unafika mwisho.

Filimbi ikalia. Wakambeba Josephat, akiwa bado amebana kipande cha mzizi kwenye meno, hawezi hata kushangilia. Kashindye hawakumbeba, aliwakataa. Alikuja kwa miguu yake mpaka tulipo. Kitenge kimelowa, miguu ni vumbi tupu mpaka magotini. Akapiga goti mbele ya baba yake.

Yakobo alimwangalia toka miguuni mpaka kichwani. Nilijua anatafuta kama anayumba. Hakuyumba.

"Haya, niambie," akasema Yakobo. "Ule wimbo mrefu uliutunga lini?"

"Pale pale, baba."

"Pale pale?"

"Niliona hawasikii nikisema. Nikawapa cha kuimba."

Yakobo akatoa leso yake mfukoni, ile nzuri ya kwendea kanisani, akampa ajifute uso. "Bernadeta nitamwambia atafute mtu mwingine," akasema. "Wako wengi wanaojua kukaa."

Nikataka kusema neno, kwamba basi asilime siku za baridi, kwamba avae sweta. Lakini watu nyuma yetu walishaanza kupiga makofi na kudai wimbo mmoja wa mwisho, na Josephat, mzizi umeshamtoka mdomoni, alikuwa akipaza sauti, "Ningi! Ningi yuko wapi?"

"Nina kiu, mama," Kashindye akaniambia.

Nikampa chupa. Akanywa yote, akanirudishia ikiwa tupu, akavuta pumzi ndefu, akarudi uwanjani. Nikamsikia anaanza, taratibu, kama alivyoanza mchana.

Nikatafuta jiwe, nikakaa.